Miaka Thelathini Bila Kuona Kiti

Bwana Wenceslao Irizarry, mwamuzi mkuu wa kipindi cha mieleka cha "Jumamosi ya Moto", anastaafu rasmi leo, Jumapili tarehe 21 Machi 1999, baada ya miaka thelathini ya utumishi mwema na kutoona chochote. Nasema hivyo kwa heshima zote. Wahenga walisema macho hayana pazia, lakini wahenga hao hawakuwahi kufika hapa kisiwani kwetu, Caguas, siku ya mieleka wakamkuta Don Lao, kama sote tunavyomwita, kazini.

Mimi ni Tato Berríos, mtangazaji wa meza ya pembeni mwa ulingo. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu, mliogawiwa kwenye karatasi msome kimyakimya, kwa sababu hakuna binadamu aliye hai aliyemwita mstaafu wetu kipofu mara nyingi kama mimi, tena mbele ya kamera. Awali ilitakiwa aandike Bwana Rosendo Algarín, promota na mwenye kampuni, lakini Bwana Algarín hasemi na mstaafu tangu mwezi uliopita. Sababu tutaifikia.

Don Lao alizaliwa Gurabo, akakulia kwenye duka la viatu la mjomba wake, ambako kazi yake ilikuwa kupiga magoti mbele ya watu wazima na kuwahakikishia kwamba kiatu hakibani. Kwa hiyo alipoingia kwenye mieleka mwaka 1969 alikuwa tayari na uzoefu. Mwamuzi aliyekuwepo alikuwa amehamia New York bila kuaga, na shati lake la mistari lilikuwa limebaki likining'inia kwenye msumari. Lilimkaa Don Lao. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa pekee iliyotakiwa, na hadi leo kampuni haijaongeza nyingine.

Kwa wageni waalikwa wasiozijua kazi zetu: kwenye kipindi chetu kuna steringi na kuna adui. Adui asipocheza rafu, mathalani kumpiga mwenzake kwa kiti cha chuma, si adui, ni mtu tu aliyevaa kaptura ya kubana. Na ili acheze rafu, mwamuzi sharti awe anatazama kwingine. Sasa, kutazama kwingine kila mtu anaweza, hata mbwa wangu anaweza. Ufundi ni kuwa na sababu. Don Lao alikuwa nazo za kila aina. Kamba ya kiatu imefunguka. Vumbi limeingia jichoni. Meneja wa adui kapanda ukingoni na lazima ashushwe kwa mahubiri marefu. Sababu zikimwishia, alizimia. Nimemwona akizimia kwa kiwiko, nimemwona akizimia kwa taulo, na siku moja kule Ponce alizimia kwa upepo wa mtu aliyepita karibu. Alilala fofofo mpaka adui amalize ushenzi wake, kisha akazinduka, akatambaa, akainua mkono na kuanza kuhesabu, moja, mbili, na ile tatu yake iliyochelewa kufika mpaka watu wanasimama juu ya viti.

Tuwe wakweli kidogo, maana leo ni siku ya kuaga. Mtu huyu alikuwa anaona kila kitu. Alipoinama kumchungulia mwanamieleka machoni, alikuwa anamnong'oneza kwamba muda umebaki kidogo, au kwamba mwenzake mgongo unamsumbua asimbebe tena. Watu walipokuwa wanajifanya wameumia, hakuhangaika. Mtu alipoumia kweli, yeye ndiye alikuwa wa kwanza kujua, akapishanisha mikono juu ya kichwa na kila kitu kikasimama. Hakuwahi kukosea hapo hata mara moja. Wapo watu katika hafla hii wanaotembea kwa miguu yao kwa sababu yake, na wengine wao wamekuja na mikono mitupu, nimewaona.

Malipo yake kwa yote haya yalikuwa kuchukiwa na kisiwa kizima. Mwoka mikate wa jirani alimpa mikate ya jana, na akilalamika anaulizwa, "Kwani hukuiona wakati unachagua?" Askari wa barabarani alimsimamisha ili tu amuulize kama leo taa nyekundu ameiona. Bibi mmoja wa Humacao alimpiga mwavuli kichwani, na hapo, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, Don Lao alikataa kuzimia.

Hayo yote aliyabeba. Asiloweza kulibeba lilikuwa nyumbani kwake. Mama mkwe wake, Doña Providencia, anakaa naye nyumba moja. Mwaka 1979 alikuwa amekaa mstari wa mbele na rozari yake mkononi, siku ambayo steringi wake kipenzi, Jogoo wa Utuado, alimwagiwa chumvi machoni na adui mmoja aliyeitwa Baroni. Don Lao alikuwa ameinama, anafunga kamba ya kiatu. Jogoo akapigwa, akahesabiwa tatu, akashindwa, na Doña Provi akarudi nyumbani bila kusema neno. Tangu siku hiyo hakusema naye tena.

Msinielewe vibaya, alikuwa anasema sana, ila hakusema naye yeye. Alimtuma bintiye, Carmen Iris, hata kama wote watatu wameketi meza moja. "Mwambie mwamuzi wako kahawa inapoa." "Muulize mwamuzi wako kama na hili bomba linalovuja halioni." Kwetu mtu hapiti mlangoni bila kuomba baraka kwa mkubwa, na mkubwa lazima aitikie, hata kama kanuna. Don Lao alikuwa akisema "Baraka, Mama" kila anapotoka na kila anaporudi, na kila mara alijibiwa na kiti cha kubembea. Miaka ishirini.

Mwaka jana, baada ya kile kimbunga cha Septemba, moyo wa Doña Provi ulianza kusumbua. Ana miaka themanini na sita. Daktari alizungumza na familia kwa ile sauti yao ya chini. Siku iliyofuata Don Lao alikuja mezani kwangu kabla ya kurekodi, hana rangi usoni.

"Tato, mimi sitaki zawadi ya kustaafu," akaniambia. "Nataka yule mama aniitikie baraka kabla hajafa. Basi."

Mkewe alikuwa amempa dawa nyepesi. "Si umwambie tu kwamba ni mchezo? Dunia nzima inajua." Na hapa ndipo nilipomheshimu, mniwie radhi kwa kutumia neno hilo kwenye mieleka. Siri ya ulingo hatuitoi hata kitandani, hilo tunaliapia, lakini si kiapo kilichomzuia. "Nimwambie nini," alisema, "kwamba miaka yote amempigia magoti Bikira Maria kwa ajili ya mtu aliyekwisha kupangiwa ashinde lini? Kwamba analia bure? Bora aendelee kunichukia."

Akaenda kwa Algarín. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimefuata ratiba yangu.

"Mara moja tu, Rosendo. Niache nikione kiti mara moja, halafu niende zangu."

"Ukikiona wewe, mimi nitaonyesha nini wiki ijayo?" Algarín hakuinua hata macho. "Watu hawaji kuangalia mieleka, Lao. Wanakuja kukutukana wewe. Mwamuzi mwenye macho ananifungia kampuni."

"Mama mkwe wangu ni mgonjwa."

"Basi msalimie sana. Na siku ya kukuaga utazimia kama kawaida, tena uzimie vizuri, maana ndiyo mara ya mwisho."

Hiyo ndiyo hekima ya uongozi wetu, na naiandika hapa ili isipotee.

Siku ya kumuaga ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Februari, mchana, katika ukumbi wa Caguas, chini ya paa lililotiwa viraka vya mabati baada ya kimbunga. Vipindi vyetu hurekodiwa Jumatano, na kikiharibika kitu kinakatwa. Siku hiyo Algarín alitaka makuu, akataka kipindi kirushwe moja kwa moja. Mwana kulitaka, mwana kulipata.

Pambano kuu lilikuwa la mkanda. Upande mmoja Jogoo wa Utuado, bingwa wetu, jina lake kamili Ismael Cordero, ambaye magoti yake sasa yanalia kuliko lango la makaburi. Jumatatu yake alikuwa anahamia Orlando kwa binti yake, moja kwa moja. Upande wa pili Daktari Giza, adui mpya, kijana wa Carolina anayevaa kinyago na koti jeupe la hospitali, na ambaye kwa taarifa yenu huogopa sindano. Katika mieleka, anayehama huondoka kwa mgongo. Kabla hajapanda ndege lazima alale chali, ahesabiwe tatu, amwachie mkanda anayebaki. Hata waliohama kwa ugomvi waliifuata mila hiyo. Basi mpango ulikuwa mwepesi: Don Lao azimie, Daktari ampige Jogoo kwa kiti cha chuma, Don Lao azinduke, ahesabu tatu, makofi, keki.

Doña Provi hakuja kwa sababu ya moyo wake. Alikuwa nyumbani mbele ya televisheni na Carmen Iris.

Don Lao alizimia vizuri mno. Jogoo alimwangukia, naye akaruka, akageuka hewani, akatua kwa ubavu na mguu mmoja ukatikisika. Daktari Giza akaingiza mkono chini ya ulingo, akatoa kiti, akakiinua juu ya kichwa. Nami nikasema kwenye kipaza sauti yale ninayoyasema siku zote, "Mwamuzi haoni, jamani, mwamuzi haoni."

Don Lao akaketi.

Akafikicha macho. Akamtazama Daktari, akakitazama kiti, akamtazama tena Daktari. Nilisikia mabati yakigonga juu. Daktari alibaki na kiti hewani na kinyago kimempinda, akanong'ona, na kipaza sauti cha ulingo kikanasa kila neno.

"Don Lao, lala. Bado."

"Nimekuona, kijana."

"Bado, Don Lao. Tafadhali."

"Nimekuona. Na kiti nakiona."

Akampungia mpiga kengele, Monchito, apige kengele ya faulo, yaani adui kashindwa kwa rafu. Monchito hakupiga. Alikuwa hajawahi kuona mwamuzi huyu akitoa faulo, akadhani mzee kagonga kichwa kweli. Ikabidi Don Lao ashuke mwenyewe kwa ngazi, amnyang'anye nyundo na aipige kengele kwa mkono wake. Hapo ukumbi ulilipuka. Watu wazima walikumbatiana na wasiowajua. Mzee mmoja alivua kofia. Mimi nilikaa kimya hewani, jambo ambalo mke wangu aliposimuliwa hakuliamini.

Sasa, faulo haihamishi mkanda, hiyo ni sheria yetu tuliyoitunga wenyewe. Jogoo alikuwa bado amelala chali, amefumba macho, anasubiri kiti chake. Don Lao akamwinua mkono.

"Kimetokea nini?" Jogoo akauliza.

"Umeshinda, Ismael."

"Siwezi kushinda. Nina ndege Jumatatu."

Hakuna aliyethubutu kumvua bingwa mkanda mbele ya umati ule. Jumatatu ukapanda ndege kiunoni mwake, chini ya koti, na sasa uko Orlando juu ya friji ya binti yake. Kampuni ikabaki bila bingwa wala mkanda. Mimi nikalazimika kulitangazia taifa kwamba mkanda unachunguzwa na wataalamu. Mwingine umeshonwa haraka kwa fundi wa matandiko ya farasi huko Cayey, na yule tai wa katikati ametoka bata, lakini tumeagizwa tusilione hilo. Bwana Algarín alifuta hotuba yake na kuchukua ngao ya kioo iliyokuwa imechongwa jina la Don Lao. Nasikia jina limesuguliwa na ngao amepewa shemeji yake kwa utumishi bora. Shemeji ana miezi minne kazini, na mwingi wa muda huo amekuwa likizo. Leo Bwana Algarín alialikwa hapa, chini ya banda hili la nguruwe wa kuchoma tulilolitafuta wenyewe, na ametuma ujumbe kwamba hataonekana. Tutajikaza.

Lililotokea nyumbani nilisimuliwa na Carmen Iris. Don Lao alirudi jua halijazama, shati la mistari likiwa bado mwilini, anajua kwamba amekwisha kazi na kila mtu kwenye kampuni. Akapita mlangoni akasema "Baraka, Mama" kwa mazoea tu, wala hakusubiri, akawa tayari anaelekea jikoni.

"Mungu akubariki, Lao," ikasema sauti kutoka kwenye kiti cha kubembea. "Umekula?"

Alifungua friji, akasimama ameshika mlango wake. Kisha akalia, mtu mzima, mbele ya chupa za soda ya malta. Doña Provi akamwambia bintiye, "Mpe maji huyo. Leo amefanya kazi."

Ningeweza kuishia hapo, na wasifu mwingi wa wastaafu ungeishia hapo. Lakini juzijuzi nilialikwa chakula nyumbani kwao, Jumamosi, kipindi chetu kikiwa kwenye televisheni. Wali wa mbaazi, nyama ya nguruwe, ndizi mbichi za kukaanga. Doña Provi alimpangia mkwewe nafasi kwenye kochi, ubavuni pake. Kwenye kioo alikuwa mwamuzi mpya, Nelson, aliyefundishwa na Don Lao mwenyewe. Meneja akapanda ukingoni, Nelson akaenda kumhubiria, na nyuma yake Daktari Giza akampiga mtu kiti cha mgongo kilichosikika hadi jikoni. Nelson hana hili wala lile.

Doña Provi akaweka sahani magotini.

"Lao, mwanangu, wewe umesimama pale. Niambie ukweli. Inawezekana kweli mtu asione kiti kizima cha chuma?"

Carmen Iris akaacha kutafuna. Mimi pia. Don Lao alikuwa na nafasi ya kujigamba, kwamba yeye mwishowe alikiona, kwamba wengine ndio wazembe. Akameza kwanza.

"Inawezekana, Mama. Pale katikati kuna taa, kuna kelele, kuna jasho la machoni. Mtu huoni kitu."

Bibi alitazama tangazo la sabuni mpaka likaisha.

"Basi nilikukosea," akasema. "Miaka yote ile."

"Hukunikosea, Mama."

"Nilikukosea, usinibishie." Akachukua kipande kikubwa cha nyama kwenye sahani yake, chenye ngozi kavu ile ambayo watu hugombana kwa ajili yake, akamwekea yeye. Kisha akanigeukia mimi. "Na wewe uliyekuwa unamwita kipofu mbele ya nchi nzima, mwombe radhi."

Nikamwomba radhi. Nilimwomba radhi mtu mwenye macho makali kuliko wote ninaowajua, kwa kosa la kusema kwamba haoni, mbele ya bibi aliyekuwa ametoka kuambiwa kwamba kweli hakuona. Naye Don Lao alinikubalia kwa uso mkavu, mshenzi yule, na akaniongezea wali.

Don Lao, asante kwa kila mgongo ulioukinga ukijitia hamnazo. Kampuni haina cha kukupa, na kilichokuwepo amepewa shemeji. Sisi wenzako tunakuombea magoti yasiyouma, kahawa ya moto na Jumamosi nyingi kwenye kochi lile. Na nyinyi wengine, Doña Provi yuko kwenye foleni ya nyama na anarudi sasa hivi. Kila mmoja aikalie karatasi yake. Akiuliza mnasoma nini, hamkuona karatasi yoyote.